Kuishi kwa mdomo wa bata, yaani saksafoni, Arusha na Moshi: kupiga jazi, kufundisha, na bado ukalipa kodi ya nyumba

Nianze na jambo ambalo vijana wengi wanaoniuliza habari za saksafoni hawapendi kulisikia. Arusha na Moshi hamna mtu anayeishi kwa kupiga jazi peke yake, hayupo, hata yule unayemuona kapiga koti safi Ijumaa usiku hotelini, watalii wanamrekodi na simu, Jumatatu ukimfuata utamkuta mahali anamfundisha mtoto wa mtu skeli ya G, ile ngazi ya noti. Na siyo kwamba kafeli. Kupiga na kufundisha ni kazi moja, ukizifanya mbili utaichukia moja, na wanafunzi wanamjua haraka sana mwalimu ambaye akili yake iko stejini.

Hata huko jazi ilikotoka ndivyo ilivyo. Jackie McLean, mpulizaji wa alto (saksafoni ndogo kuliko tena) wa New York, alinyang'anywa kibali cha kupiga kwenye klabu za mji wake kwa sababu ya kesi ya madawa ya kulevya, mwaka 1968 akaanza kufundisha chuo kikuu huko Hartford, na 1970 yeye na mkewe wakafungua kituo cha sanaa kwa ajili ya vijana wa mtaani, akawa anafundisha na bado anarekodi mpaka uzeeni. Jamey Aebersold wa Indiana ndio kabisa, dunia inamjua kwa kufundisha kuliko kwa kupiga: 1967 alianza kutoa rekodi zenye piano, besi na drams tu, wewe unaweka saksafoni yako juu, na hizi traki zote unazozikuta YouTube leo ni wajukuu wa zile. Yusef Lateef, mpulizaji mwenye jina kubwa hilo, miaka ya 80 alikaa Zaria kule Nigeria miaka kama minne, chuo kikuu cha Ahmadu Bello. Kwa hiyo mtu akikwambia unafundisha kwa sababu umeshindwa stejini, mwache amalize kuongea, mpe soda.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe.

CHOMBO

Kama ndio unaanza chukua alto. Saksafoni ya tena (tenor) ina sauti tamu nakubali, ila ni nzito, ridi zake (vile vipande vya mwanzi vinavyotetema mdomoni) ni ghali zaidi, na alto ndizo zimejaa mtaani, siku ukikwama utapata pa kuazima. Zile mpya za bei chee zisizo na jina zinang'aa balaa kwenye picha, shida ni chuma laini, baada ya miezi kadhaa vitufe vinapinda na fundi wa kukunyooshea huku kaskazini unamtafuta kwa tochi. Bora Yamaha iliyotumika ambayo mtu ameitunza.

Kuikagua ni rahisi na usione aibu kuikagua mbele ya mwenyewe. Nenda na waya wa taa ndogo za LED, zile za kupambia Krismasi zinafaa kabisa, ingia chumba chenye giza, vua shingo, lile bomba fupi lililopinda la juu, shusha zile taa ndani ya bomba, halafu funga vitufe taratibu kwa vidole bila kubana kwa nguvu. Mwanga ukitoka pembeni ya pedi, vile vifuniko laini vya kuziba matundu, hapo panavuja. Pedi moja mbili siyo kesi, ila zikivuja nusu yake hiyo ni kazi ya kubadilisha zote na hela yake itakukaribisha kwenye bei ya chombo kingine. Kisha ishike shingo uitazame kwa ubavu, kama imeinama kwenda chini au ina uvimbe hivi, kuna mtu alikuwa anaivuta kwa hasira, na hiyo noti zake hazitakaa sawa kamwe. Mwisho piga noti ya chini kabisa, ile Bb ya chini (b ndogo ni flati, yaani noti imeshushwa nusu), kwa sauti ndogo. Ikitoka bila kukoroma umepata chombo. Muuzaji akikwambia "hiyo ya chini huwa haitumikagi" aga vizuri uondoke.

Mausipisi, yaani kile kipande cha kutia mdomoni, Yamaha 4C inakutosha mwaka wa kwanza na wa pili, usidanganywe na watu wa mtandaoni wanaonunua ya chuma kabla hawajajua kupiga noti ndefu. Ridi anza na namba 2 au 2 na nusu, weka tatu au nne kwenye mzunguko, leo hii kesho ile, ukimaliza suuza na maji safi, futa, rudisha kwenye kasha lake. Huku hazipatikani kila duka kwa hiyo mtu wako akienda Dar au Nairobi mtume boksi zima, ukingoja mpaka ya mwisho ipasuke ndio utaipasua siku ya harusi.

Na kama unasafiri na bodaboda, na utasafiri tu, begi likae mgongoni kwako na siyo kati yako na dereva, na kile kizibo cha plastiki cha juu kilichokuja na chombo usikitupe. Wengi wanakitupa wanadhani ni takataka ya dukani. Kinalinda kile kifimbo cha oktavu kisipinde njiani, na kikipinda noti zote za juu zinakugomea.

MAZOEZI KWENYE NYUMBA YA KUPANGA

Hili ni tatizo la kweli aisee. Nyumba zetu ukuta mmoja familia tatu, na saksafoni huwezi kuiziba kwa kitambaa ikanyamaza kama tarumbeta, kwa sababu sauti inatoka kwenye matundu yote siyo mdomoni tu. Sonny Rollins, mpulizaji mkubwa wa saksafoni, mwaka 1959 aliacha shoo akawa anaenda kupulizia juu ya daraja la Williamsburg pale New York, mpaka 1961 hivi, na sababu mojawapo ilikuwa jirani yake mjamzito hakutaka kumsumbua. Sisi madaraja yetu yana malori ya mizigo. Ila ukumbi wa kwaya mchana wa Jumanne hauna mtu, ongea na mwenyekiti wa kwaya, jitolee kupiga ibada ya Jumapili moja kwa mwezi na ufunguo utaupata. Ukiwa Usa River, Tengeru au upande wa Machame mashamba ya migomba yanameza sauti vizuri sana. Ukikosa kabisa, fungua kabati, simama uso umeingia kwenye nguo, puliza humo, jirani atasikia kidogo na wewe utajisikia vibaya kwa sababu nguo zinameza utamu wote, lakini vidole vinafanya kazi yao.

Mpangilio wangu kwa siku yenye saa moja tu: robo saa noti ndefu na tuna ya simu (app ya kupima noti) imewashwa, kila noti unaianza kimya unaikuza unaishusha, sindano isicheze. Hii inaboa, najua, lakini ndiyo inayofanya mtu aseme huyu jamaa ana sauti. Halafu skeli. Halafu dakika zilizobaki zote kunakili solo ya mtu mwingine kwa masikio, bila karatasi. Punguza spidi YouTube, imba kwanza kwa mdomo mpaka uijue, ndio uitafute kwenye chombo. Charlie Parker na Coltrane, vigogo wa saksafoni ya jazi, utawafikia, lakini usianze nao, anza na mtu anayepiga taratibu. Na usidharau vya nyumbani, sikiliza wapulizaji wa bendi zetu za zamani, Morogoro Jazz, Western Jazz, NUTA, sikiliza Verckys wa Kongo na Manu Dibango wa Kameruni. Ile namna wapulizaji wawili wanajibizana na gitaa halafu wananyamaza kupisha mwimbaji, hiyo ni shule. Arusha nayo ilikuwa na yake, wale ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga walipita hapa na Arusha Jazz kabla hawajaenda Mombasa kuanzisha Simba Wanyika.

KII, TRANSPOZI NA ILE DO

Hapa ndio vijana wengi wanaaibika kwa hiyo ntakaa kidogo.

Alto iko Eb, tena iko Bb. Maana yake ukipiga C kwenye alto, kinanda kinaisikia kama Eb. Wenye matarumbeta wanapenda kii (noti ambayo wimbo unajengwa juu yake) za Bb na Eb, raha tupu kwako, kwenye alto unapiga G na C. Lakini mpiga gitaa wa dansi au wa gospo anapenda E, A, D na G kwa sababu nyuzi zake ziko wazi hapo, na E yake kwako wa alto ni C shapu, shapu saba hizo (shapu ni noti iliyopandishwa nusu), A yake ni F shapu, shapu sita, D yake ni B, shapu tano. Hatabadilisha kwa ajili yako. Yeye yuko kwenye bendi miaka kumi, wewe umekuja jana na begi.

Halafu kuna mpiga kinanda wa kanisani. Huyu ana kitufe cha transpozi. Akina mama wakishindwa kufika juu anabonyeza mara mbili tatu, vidole vyake bado viko pale pale C anapopajua, ukimuuliza "kaka tuko kii gani" anakujibu kwa roho safi kabisa "C", na siyo uongo kwa anavyoona yeye, wakati spika inatoa Bb. Ukimwamini mmeumia wote na kanisa zima linakugeukia wewe, kwa sababu kinanda ni cha kila Jumapili na wewe ni mgeni.

Dawa yake usiulize jina la kii. Sema "nipe do", yaani noti ya kwanza ya skeli. Atagonga do, wewe itafute taratibu kwenye chombo chako ukiwa umegeukia pembeni, ukiipata umemaliza. Na hapa watu wa kwaya za huku tuna utajiri ambao wanafunzi wa Ulaya wanaulipia, kwamba tumekua na solfa, ile do re mi. Mtoto wa kwaya ya vijana Moshi hasomi noti za mistari, ila mwandikie d m s l s m ubaoni atakuimbia palepale, na ukimpandisha do ataimba vilevile bila kuuliza. Basi na saksafoni mfundishe hivyo. Skeli asikariri kama majina ya noti kumi na mbili tofauti, akariri kama d r m f s l t d inayoanzia mahali tofauti, kila wiki do mpya. Wiki hii do iko G, imba, piga. Wiki ijayo do iko D, imba wimbo uleule, piga. Ndani ya miezi mitatu amezunguka do zote kumi na mbili na siku akikutana na yule wa transpozi hatikisiki.

Kubuni solo nako kunaanzia hapo hapo. Mpe noti tano tu, d r m s l, weka traki, mwambie apige chochote mradi asitoke nje ya hizo tano na anyamaze kila baada ya sentensi. Kunyamaza ndio kugumu. Akizoea, mwongezee mi iliyoshushwa nusu hatua, ile ndiyo inaleta uchungu wa bluzi, halafu mpe bluzi ya ba kumi na mbili (ba ni kipimo kimoja cha midundo): nne kwenye do, mbili kwenye fa, mbili do, moja so, moja fa, mbili do za kumalizia. Mtoto wa miaka kumi na mbili anayeweza kupita hapo mara tatu bila kupotea tayari anapiga jazi, haya mengine yote ni kuongeza.

PA KUJIFUNZIA

Kwanza kabisa kanisani, siyo kwa ajili ya dini tu. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro 1893 na ule utamaduni wa Kijerumani wa kwaya za matarumbeta ukaota mizizi kwenye makanisa ya Kilutheri mlimani mpaka leo, kipaimara bila matarumbeta watu wanahisi kuna kitu kimesahaulika. Pale utajifunza kupumua, kukaa kwenye mstari wako, na kusikiliza wa pembeni. Saksafoni siyo tarumbeta, inatumia ridi, ila pumzi ni ile ile. Wastaafu wa bendi za Polisi, JWTZ na Magereza nao ni hazina, wengi wanasoma noti kama gazeti na wanajua kubadilisha pedi, mfuate mzee kwa heshima, shikamoo kwanza, usianze na bei.

Ukitaka karatasi, chuo kikuu cha Makumira pale Usa River wanatoa digrii ya muziki, na ni barabara ya Arusha–Moshi kabisa unashuka na kosta. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa cha TaSUBa. Zanzibar kuna ile akademia ya muziki ya nchi za majahazi, DCMA, tangu 2002, japo wao nguvu yao zaidi ni taarabu na hiyo nayo siyo hasara kwa mpulizaji. Mitihani ya ABRSM na Trinity, bodi za mitihani ya muziki, zote za London, ina gredi 1 mpaka 8, na ABRSM wana gredi za jazi za saksafoni 1 mpaka 5. Wazazi wengi hawajui hili: ABRSM hawakuruhusu kufanya gredi 6 mpaka uwe na gredi 5 ya nadharia, ila gredi 5 ya jazi nayo wanaikubali badala yake. Trinity hawana sharti hilo. Na kuna mitihani inayofanywa kwa video, unarekodi nyimbo zako mfululizo unatuma, kwa hiyo mwanafunzi wa Moshi hana haja ya kumsubiri mtahini apande ndege.

KAZI ZA KUPIGA

Ziko za aina tatu, na kila moja ina tabia yake.

Harusi na send-off ndiyo mkate. Hapo hauajiriwi na maharusi, unaajiriwa na kamati, na kamati ni watu wazima wenye daftari. Unaingia, "mwenyekiti shikamoo, wajumbe shikamooni", unakaa pembeni unangoja ajenda ya ukumbi na vinywaji iishe. Ukitaja bei lazima kuna mjumbe atasema "aisee mwanangu, hiyo yote kwa kutoka mlangoni mpaka meza kuu?" Usikasirike, usishushe bei hapo hapo, taja kazi yako kipande kwa kipande: kuingiza maharusi, robo tatu ya saa wakati wa chakula, keki, na kufungua muziki na MC. Ukishavipanga hivyo wao wenyewe wanaanza kubishana wakate kipi, na kwa kawaida hawakati. Makubaliano yote yaandike WhatsApp umtumie mweka hazina siku hiyo hiyo: tarehe, saa ya kufika, advansi nusu, inayobaki kabla hujaingia ukumbini. Kabla, siyo baada. Baada ya harusi mweka hazina hapatikani, yuko anahesabu kreti. Na hela za kutunzwa, mkubaliane kwenye bendi mapema kama ni za aliyetunzwa au zinagawanywa, urafiki mwingi umefia hapo kwenye noti za elfu mbili mbili zilizobandikwa kwenye paji la uso.

Hotelini ni kinyume. Hela ya usiku mmoja ni ndogo ila inajirudia, na wanataka upige chini, mtalii katoka Ngorongoro kachoka anataka kuongea na mkewe. Mpulizaji mmoja na gitaa au kinanda inatosha, bendi ya watu sita hawawezi kuilipa. Hapa ndio jazi yenyewe inapigwa, zile nyimbo za zamani za Kimarekani taratibu, changanya na mbili tatu za dansi la nyumbani maana mgeni hakusafiri mpaka huku kusikiliza alichokiacha kwao. Sasa Arusha iko juu, kama mita 1,400, Juni mpaka Agosti bustanini usiku ni baridi ya kweli, na chombo kikipoa sauti inashuka wakati kinanda hakishuki. Kati ya seti usikiweke kwenye stendi ukaenda kunywa chai, kikumbatie ndani ya koti, na dakika mbili kabla hamjaanza pulizia pumzi ya moto bila kutoa sauti, vitufe vyote umefunga. Ikibaki chini sukuma mausipisi ndani kidogo. Moshi iko chini na joto, huko shida inakuwa kinyume, sauti inapanda unavuta nje. Mtu aliyepiga Ijumaa Arusha na Jumamosi Moshi, kilomita 80 tu, anatuni upya kabisa.

Ya tatu ni mikutano. Arusha ina makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ina ukumbi wa mikutano wa kimataifa wa AICC, mashirika yamejaa, na kila mkutano una hafla ya jioni. Wanalipa vizuri kuliko wote ila wanalipa kwa karatasi: proforma, TIN, risiti, akaunti ya benki, na unangoja. Usiitegemee kwa kodi ya mwezi huu. Watakata na kodi ya zuio, omba cheti chake ukiweke, ni hela yako ya kuonyesha TRA mwisho wa mwaka.

Karatasi za sanaa zenyewe ni mbili na usizikwepe. BASATA, baraza la sanaa la taifa lililoundwa kwa sheria ya 1984, ndiko unakojisajili kama msanii, na ukiwa na nyimbo zako mwenyewe zipeleke COSOTA wanaoshughulikia hakimiliki kwa sheria ya 1999. Ukiwa na hivyo hotelini unaongea ukiwa umenyooka mgongo.

KUFUNDISHA

Umri kwanza. Mtoto asubiri meno ya mbele ya ukubwani yawe yametoka na vidole vifike, miaka tisa kumi hivi kwa alto. Mzazi akimleta wa sita usimfukuze, mpe rekoda, ile filimbi ya plastiki, vidole vyake vinafanana sana na vya saksafoni na bei yake haiumizi.

Somo la kwanza usimpe chombo kizima, atakitaka, mkatalie kwa upole. Mpe mausipisi na shingo tu. Meno ya juu yagusane na mausipisi, mdomo wa chini ujikunje kidogo juu ya meno, pembe za mdomo zibane kuelekea katikati, mashavu yasivimbe. Apulize. Kwa alto mausipisi ikiwa peke yake itoe karibu A ya juu kwenye kinanda, ukiunga na shingo itoe karibu Ab. Ikitoka juu sana anabana, ikitoka chini mdomo umelegea. Una kipimo, huhitaji kubahatisha. Mtoto anayeweza kuishikilia hiyo Ab kwa hesabu nane bila kuyumba, ukimuungia chombo kizima noti ya kwanza inatoka nzuri, na mzazi aliyekaa pale kwenye kochi anashtuka. Hapo umeshapata mwanafunzi wa miaka mitatu.

Kuna mama atakuuliza "mwalimu, atajua lini?" Usimpe tarehe ya kujua. Mwambie mwisho wa mwezi wa kwanza atapiga wimbo mmoja wa kanisani anaoujua kwa masikio, halafu hakikisha anaupiga. Nusu saa mara mbili kwa wiki ni bora kuliko saa nzima mara moja, midomo ya watoto inachoka baada ya dakika ishirini na baada ya hapo anafanya mazoezi ya kubana. Kama chombo kimoja kinatumiwa na watoto watatu wa kikundi, kila mmoja awe na ridi yake na ikiwezekana mausipisi yake, hili halina mjadala, mafua ya mmoja ni ya wote.

Shule za kimataifa zipo, UWC ina kampasi Moshi na Arusha, ziko nyingine, na zinachukua walimu wa vyombo wa kutoka nje kwa saa. Watataka cheti cha polisi cha tabia njema na wako sahihi. Hata ukifundishia sebuleni kwa mtu, mlango uwe wazi na mtu mzima awe karibu, ni kinga ya mtoto na ni kinga yako.

Na mwanafunzi akifika mahali pa kukuzidi, mpe kazi. Siku una harusi mbili moja mtume yeye, mkubaliane mgao, mtambulishe kwa kamati kwa jina lake. Kuna walimu wanaficha wanafunzi wao wazuri, matokeo yake harusi ya pili inaenda kwa mtu wa Dar.

MWAKA UNAVYOKWENDA

Kalenda ndiyo itakuonyesha kwa nini nasema kazi ni moja. Juni mpaka Oktoba watalii wamejaa, hoteli zinaita. Desemba Wachaga wote wamerudi nyumbani, kipaimara, harusi, ubatizo, unaweza kupiga asubuhi Marangu na jioni Rau, mwezi huo usichukue wanafunzi wapya maana hutawaona. Kisha inakuja Kwaresma, harusi za kanisani hamna, ikipita Pasaka masika yanaanza kumwagika, Aprili na Mei baadhi ya hoteli na kambi zinafunga kabisa, simu haiiti. Miezi hiyo ndiyo ya kufundisha: shule zimefungua, watoto wapo, mvua imewafungia ndani, mitihani ya gredi inaandaliwa. Anayesema hataki kufundisha, mwangalie Mei.

Ila ada ya muhula pokea mapema, kwa muhula mzima, siyo kwa kila somo, la sivyo kila mvua ikinyesha mtoto "ana mafua" na wewe umeshalipa nauli. Mtoto akikosa kwa sababu yake somo limekwenda, ukikosa wewe unalifidia, liandike hivyo kwenye karatasi mzazi asaini. Na Januari usimdai mzazi wa huku hata shilingi ya saksafoni, katoka kula Krismasi kijijini na sasa ana ada za shule, sare na madaftari. Panga muhula wako uanze wiki ya kwanza ya Februari, na hela ya Desemba usiimalize Desemba.